Gari la Viti Viwili

Mke mwenza aliingia nyumbani kwetu Moshi mwezi Juni mwaka 2014. Alikuja juu ya lori dogo, amefungwa kamba za katani, na ndani yake walikuwamo kuku wawili waliokataa kushuka. Majirani walitoka kutazama. Watoto wa mtaa wakashangilia. Mama wa nyumba, aliyekuwa ametoka zamu ya usiku hospitalini na hajalala bado, alisimama mlangoni na kanga yake kiunoni akauliza, "Hiki ni nini?"

Lilikuwa gari. Kwa usahihi zaidi, lilikuwa mabaki ya gari: halina tairi zenye upepo, halina kioo cha nyuma, na sakafu yake imetoboka kiasi cha kuona majani chini. Kwa miaka mitatu tuliliita mke mwenza, kwanza kwa hasira, halafu kwa utani.

Katika habari hii tutasema "sisi", kwa maana tumeikumbuka pamoja tukiwa mezani baada ya chakula cha jioni. Aliyeshika kalamu ni mama wa nyumba, ambaye ni muuguzi. Baba wa nyumba amesomewa kila ukurasa, na amekubali yaandikwe hata yale yanayomwaibisha. Amesema, "Andika, huenda likamsaidia mwenye nyumba nyingine." Tunamshukuru kwa hilo.

Gari lilikotoka

Baba mkwe alikuwa fundi wa magari tangu ujana wake. Alimfanyia kazi mwenye shamba mmoja wa kigeni aliyependa magari ya mbio. Mtu huyo alipoondoka nchini mwaka 1977 hakuwa na fedha ya kumlipa fundi wake mafao, akamwachia gari. Lilikuwa Datsun 240Z nyeupe, yenye viti viwili tu, boneti ndefu na mgongo ulioinama kama wa swala anayekimbia.

Wasomaji waliozaliwa karibuni huenda hawalijui gari hili, lakini mama zao watalikumbuka. Lilianza kutengenezwa Japani mwaka 1969, likiwa na injini ya lita 2.4 yenye silinda sita zilizopangwa katika mstari mmoja. Kwetu Afrika Mashariki sifa yake ililetwa na mashindano ya Safari. Mashindano hayo yalianza mwaka 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza, na yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Baadaye kwa miaka mingi yalifanyika wakati wa Pasaka. Mwaka 1971 Edgar Herrmann alishinda akiendesha Datsun 240Z, na mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akashinda kwa gari la aina hiyohiyo. Baba mkwe alikuwa akisimulia jinsi watu walivyosimama kando ya barabara za vumbi tangu alfajiri, wakingoja magari yapite kwa dakika moja tu.

Gari la baba mkwe halikushindana popote. Alilitumia miaka michache. Mwaka 1982, vitu vilipoadimika nchini, pampu ya klachi ikafa na spea ikakosekana. Akalisukuma hadi banda la zamani la kahawa kwenye kihamba chake, akalifunika mabati. Likakaa humo miaka 32. Kuku walitaga humo, na wajukuu walicheza humo safari za kwenda Ulaya.

Nyumba iliyonyamaza

Ili uelewe kwa nini lilitoka bandani, inatupasa tuseme hali yetu ilivyokuwa.

Mwishoni mwa mwaka 2013 baba mkwe alipata kiharusi. Ubongo uliathirika upande wa kushoto, kwa hiyo mkono na mguu wa kulia vililegea, na maneno yakampotea. Akili yake ilikuwa nzima na alielewa tuliyosema, lakini alipotaka kuomba maji kinywa kilitoa neno "kiti" au "kesho". Alipoona hatumwelewi alikasirika, na baada ya wiki chache akaacha kujaribu. Tulimleta kwetu ili apate mazoezi kila siku.

Mwezi Machi mwaka 2014 kiwanda alichofanya kazi baba wa nyumba kilipunguza wafanyakazi. Alikuwa fundi umeme hapo kwa miaka 19. Kesho yake aliamka saa kumi na moja alfajiri kama kawaida, akaoga, akavaa, kisha akakaa ukingoni mwa kitanda. Siku iliyofuata alifanya vilevile, na hata wiki iliyofuata.

Kijana wetu wa kwanza alikuwa amemaliza kidato cha nne na matokeo yake hayakuwa mazuri. Naye akajifungia chumbani.

Basi tulikuwa na wanaume watatu wa vizazi vitatu katika nyumba moja ya vyumba vitatu, na wote wamenyamaza. Mama wa nyumba alikuwa akitoka zamu, anapika, anamgeuza baba mkwe, anamnyoosha viungo, anaangalia madaftari ya mtoto mdogo, na Jumamosi anakwenda na akina mama wa kanisa kutembelea wagonjwa majumbani. Aliwatia moyo wa nje na kurudi kwake akiwa hana neno la kuwapa wa ndani. Wauguzi wengi wanaijua hali hiyo.

Mwezi Juni mnunuzi wa chuma chakavu alipita kihambani akatoa bei: shilingi 180,000 kwa gari lote. Tulihitaji fedha hizo. Jumapili ile tulimpeleka baba mkwe kihambani apunge upepo, na akiwa barazani aliona mabati yakifunuliwa. Alimshika mwanawe mkono wa shati kwa mkono wake wa kushoto, akatikisa kichwa, na machozi yakamtoka. Hakuwa amelia hata siku ya kiharusi.

Ndiyo maana chuma chakavu kilikuja Moshi badala ya kwenda kuyeyushwa. Mama wa nyumba alipoelezwa habari hiyo pale mlangoni hakupata la kujibu. Alikwenda kulala.

Kutu na kidonda

Tulidhani kufufua gari ni kupiga rangi na kununua tairi. Tulikosea sana. Kwanza gari lote lilifunguliwa, nati kwa nati. Kijana wetu alitoka chumbani siku ya tatu kwa sababu ya kelele, akabaki uani akitazama, na siku ya nne akashika spana.

Hapo ndipo uuguzi ulipopata kazi ya kwanza. Baba wa nyumba alikuwa akitupa nati zote katika beseni moja. Mama alimwuliza kama hospitalini tungeweka damu za wagonjwa wote katika chupa moja. Tukakusanya makopo na chupa za jamu, kila kimoja kikabandikwa karatasi: "mlango wa kushoto", "kabureta ya mbele", "taa za nyuma". Miaka mitatu baadaye tulipokuwa tukirudishia, karatasi hizo zilikuwa na thamani kuliko fedha.

Baada ya kufungua tuliona kutu. Ilikuwa imekula sakafu pande zote mbili, chini ya milango, juu ya magurudumu ya nyuma, na mahali betri inapokaa, ambapo tindikali ilikuwa imedondoka zamani. Fundi wa bodi wa kwanza alisema, "Hapa tunapaka puti, tunapiga msasa, tunapuliza rangi, mwezi mmoja mmemaliza." Bei yake ilikuwa nafuu.

Mama wa nyumba, ambaye mpaka siku hiyo hakutaka hata kulisogelea gari, alijikuta akijibu. Alisema puti juu ya kutu ni sawa na bandeji safi juu ya kidonda chenye usaha. Kwa nje patapendeza, na ndani panaoza. Kidonda hukatwa mpaka ifike nyama inayotoka damu. Baba mkwe, aliyekuwa kwenye kiti chake chini ya mparachichi, aligonga fimbo yake chini mara mbili. Hiyo ilikuwa njia yake ya kusema ndiyo.

Basi tukatafuta fundi mwingine. Alikata chuma kilichooza mpaka kufikia kizima, akachomelea vipande vipya, akavipaka rangi ya kuzuia kutu ndani na nje. Kazi hiyo ilichukua miezi mitano.

Injini nayo ilikuwa imegoma kuzunguka. Tuliondoa plagi zote sita, tukamimina dizeli iliyochanganywa na mafuta ya gia katika kila tundu, tukaiacha. Kila jioni baba na kijana walijaribu kuizungusha kwa spana ndefu, polepole, bila kutumia nguvu nyingi wasije wakavunja kitu. Siku ya kumi na moja ilisogea upana wa kidole. Walipiga kelele kiasi kwamba jirani alikuja kuuliza kama kuna msiba.

Ada ya binti

Sasa tufike mahali pagumu.

Binti yetu alikuwa amepata nafasi katika chuo cha uuguzi, na alitakiwa kuripoti mwezi Januari mwaka 2015. Tulikuwa tumemwekea ada, shilingi 1,150,000. Wiki mbili kabla ya safari mama wa nyumba alikwenda benki. Akaunti ilikuwa na shilingi 64,000.

Fedha zilikuwa zimekwenda Arusha kuchonga silinda za injini na kununua pistoni, ringi na beringi mpya. Baba wa nyumba alikuwa ameahidiwa kibarua cha kufunga umeme katika jengo moja, akadhani atairudisha kabla hatujajua. Kibarua hakikuja.

Hatutaandika maneno yote yaliyosemwa siku ile. Mama alisema gari limekula mtoto. Baba hakujitetea, na hilo lilimkasirisha mama zaidi. Kwa siku sita tulizungumza kwa kupitia watoto: "Mwambie baba yako chakula tayari." Mama alianza kuhesabu nguo atakazobeba kwenda kwa dada yake.

Katika wagonjwa tuliokuwa tukiwatembelea Jumamosi kulikuwa na bibi mmoja mjane, mwenye sukari. Siku hiyo alipokuwa akisafishwa kidonda cha mguu aliona machozi ya muuguzi wake, akauliza. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwanangu, mume anayeficha fedha anaogopa. Umekwisha mwuliza fedha iko wapi. Sasa mwulize anaogopa nini."

Usiku ule tulitaka kuzungumza, lakini tungezungumzia wapi? Nyumba ya vyumba vitatu ilikuwa na watu sita. Baba mkwe alilala sebuleni, na watoto vyumbani walikuwa macho, masikio wazi. Mahali pekee uani palipokuwa na mlango wa kufunga palikuwa ndani ya lile gari. Tukaingia. Halikuwa na injini, halikuwa na vioo, na viti vyake vilikuwa vimepasuka, sponji limetoka nje. Tukakaa, mmoja kulia, mmoja kushoto, tukitazama ukuta wa choo.

Tulikuwa tumeoana miaka 20. Tulipohesabu, tulikuta kwamba hatukumbuki mara ya mwisho tulipokaa wawili tu, bila mtoto, bila mgonjwa, bila televisheni.

Mama aliuliza swali la yule bibi. Kimya kikawa kirefu. Ndipo baba aliposema kwamba tangu Machi kila asubuhi huamka akijiuliza anaamkia nini. Alisema mke wake anatibu watu mchana na usiku na nyumba inamtegemea, na yeye hana hata mahali pa kwenda akavaa viatu. Gari lilikuwa kitu cha kwanza kilichomfanya alale usingizi. Alijua fedha ni ya mtoto, na aliichukua kama mgonjwa anayechukua dawa ya mwenzake. "Mama watoto," alisema, "nimekukosea wewe na mtoto. Nisamehe."

Naye mama alisema ambayo hakuwa amesema. Kwamba amechoka. Kwamba alikuwa akilionea wivu lundo la chuma kwa sababu linaguswa kwa upole na kuulizwa linaumwa wapi, na yeye hakuna anayemwuliza.

Tulikaa mle mpaka saa nane usiku. Tulipotoka tulikuwa na mapatano yaliyoandikwa nyuma ya kalenda.

Daftari

Mapatano yalikuwa haya. Tungekopa ada katika chama cha akiba na mikopo cha wafanyakazi, na baba ndiye angelipa kila shilingi kwa vibarua. Alikwenda mwenyewe kumwambia binti kwa nini atachelewa chuoni, na kumwomba radhi. Hilo lilikuwa gumu kwake kuliko yote. Binti aliripoti wiki tatu baada ya wenzake.

Gari lingefunikwa turubai, hakuna spana itakayoguswa mpaka deni liishe. Liliisha mwezi Agosti.

Kutoka hapo tungekuwa na daftari moja mezani, si la baba wala la mama. Ada kwanza, kisha chakula, sadaka na dawa za babu, na kinachobaki ndicho cha gari. Mwezi usiobakiza kitu, gari lisubiri. Yeyote anunuaye kitu cha gari, hata cha shilingi 500, aandike siku hiyohiyo.

Tulipojumlisha mwishoni, gari lilikuwa limetumia shilingi 17,400,000 kwa karibu miaka mitatu. Ni fedha nyingi, na hatulifichi hilo kwa msomaji. Lakini baada ya Januari ile hakuna shilingi iliyotoka gizani.

Jambo jingine lilitokea ambalo hatukulitazamia. Nyaya zote za gari zilikuwa zimeliwa na panya, na baba wa nyumba, kwa kuwa ni fundi umeme, alizifunga upya mwenyewe. Jirani mwenye teksi alipoona kazi ile akaleta gari lake lililokuwa likiunguza fyuzi kila wiki. Akaja wa pili, akaja mwenye basi. Sasa baba ana gereji ndogo ya umeme wa magari, na huamka saa kumi na moja akiwa na mahali pa kwenda.

Moja, tano, tatu

Injini ilirudi mahali pake mwezi Aprili mwaka 2016. Tulimsogeza baba mkwe karibu. Baba akawasha. Gari likapiga mishindo kama bunduki, moto ukarudi kupitia kabureta, likazima. Wakajaribu tena, ikawa vilevile. Walikagua petroli na plagi, wakaanza kulaumiana.

Ndipo tuliposikia sauti nyuma yetu. "Moja. Tano. Tatu. Sita. Mbili. Nne."

Tuligeuka. Alikuwa babu. Alirudia tena, kwa sauti ya fundi anayemkaripia mwanafunzi: "Moja, tano, tatu, sita, mbili, nne!"

Ulikuwa mpangilio wa moto wa injini ile, yaani zamu ambayo kila silinda huwaka. Mpangilio huo huonyesha kila waya wa plagi uingie wapi katika kifuniko cha distributa. Kijana alikuwa amebadilisha nyaya mbili. Walizihamisha, wakawasha, na injini ikaunguruma baada ya miaka 34.

Hatusemi ulikuwa muujiza. Wauguzi wanajua kwamba mtu aliyepoteza maneno kwa kiharusi mara nyingine hubakiwa na yale aliyoyarudia maisha yote: kuhesabu, siku za wiki, wimbo, sala. Wengine huanzia hapo. Tulikuwa tumemfanyisha mazoezi kwa picha za vikombe na miti kwa miaka miwili, naye hakutaka. Kuanzia siku ile tuliacha vikombe, tukamletea plagi, spana na kabureta. Tulishika kimoja na kumwuliza. Mpaka mwisho wa mwaka alikuwa na maneno kama 40, mengi yao ya gereji, na miongoni mwao lilikuwapo neno "maji". Maneno mengine hayakurudi kamwe.

Gari lina kabureta mbili: ya mbele hulisha silinda tatu na ya nyuma tatu nyingine. Lazima zivute hewa sawasawa, la sivyo injini hutetemeka. Mafundi wa zamani hupima kwa kusikiliza. Wanaweka kipande cha mpira wa maji mdomoni mwa kabureta na ncha nyingine sikioni. Masikio ya baba yaliharibiwa na mashine za kiwandani, kwa hiyo kazi ilimwangukia mwenye mazoea ya kusikiliza vifua. Kabureta ya mbele ilivuma kama mtoto mwenye pumu, na ya nyuma ilipumua polepole. Mama alisema, baba akazungusha skrubu kidogo kidogo, na babu akafumba macho akisikiliza mngurumo. Sauti mbili zilipokuwa moja, aliinua mkono wake wa kushoto. Tukaacha hapo.

Nini kibaki, nini kibadilike

Hata baada ya hapo hatukukosa ubishi. Kijana alitaka ekzosi ya kupiga kelele na muziki wa kutikisa vioo. Baba alitaka kila kitu kiwe kama kilivyotoka Japani. Mama alisema amewapokea majeruhi wengi wa barabarani kuliko anavyoweza kuhesabu, na hatapanda kitu kisichokuwa salama kwa ajili ya uzuri wa zamani.

Tulikubaliana hivi. Kinachohusu uhai kibadilike. Mikanda ya viti ikawa mipya ya kuvuka bega. Mabomba yote ya breki yakatolewa, tukaweka mapya. Taa za mbele zikawa za mwanga mkali zenye relei, ili swichi ya zamani isiungue. Pointi za distributa ziliondolewa, ukawekwa mfumo wa elektroniki. Springi zikawa ndefu kidogo ili tumbo lisigonge mawe. Kinachohusu sura kibaki: usukani wake, saa zake za mbele, magurudumu yake ya chuma.

Kijana naye alipewa kuchagua rangi. Alichagua nyekundu yenye boneti nyeusi isiyong'aa, kama magari ya Datsun ya Safari. Babu alimweleza kwa ishara sababu ya weusi ule: ni ili jua lisirudi kutoka kwenye boneti likampiga dereva machoni. Kijana hakulijua. Mwaka uliofuata alijiunga na chuo cha ufundi stadi, kwa hiari yake, na amehitimu.

Viti viwili

Pasaka ya mwaka 2017 gari lilitoka uani kwa nguvu zake. Abiria wa kwanza alikuwa babu. Gari ni la chini, kwa hiyo tulimkalisha kwanza matako, kisha tukaingiza miguu, tukianza na ule mzima. Mwanawe akaendesha polepole hadi kihambani. Sisi wengine tulifuata kwa daladala. Tulipofika tuliwakuta wamesimama mbele ya lile banda la kahawa, wote wawili wakicheka. Babu alifariki mwaka 2019, na katika jeneza lake wajukuu waliweka plagi moja ya zamani.

Watu hutuuliza gari la viti viwili lina faida gani kwa familia. Haliwezi kubeba watoto, wala mkungu wa ndizi hauingii vizuri. Mwaka 2022 bwana mmoja alitoa bei kubwa, nasi tulikaa na daftari usiku mzima. Hatukuuza. Tumekubaliana kwamba siku likija hitaji la ada au la matibabu, litauzwa, na hakuna atakayenuna.

Mpaka siku hiyo, tunalitumia hivi. Kila Jumamosi jioni, baada ya mama kurudi kutoka kwa wagonjwa, tunaingia wawili. Tunakwenda kilomita chache kuelekea Marangu, tunageuza, tunarudi. Tumesoma kwamba Shekhar Mehta, aliyeshinda Safari mara tano, katika miaka yake ya baadaye alikuwa akiendesha na mkewe Yvonne kando yake akimsomea njia. Tunapenda kuwakumbuka. Katika gari letu pia mmoja huendesha na mwingine husoma njia, na wiki nyingine tunabadilishana. Ndani yake hakuna pa kujificha na hakuna wa kumtuma na ujumbe. Ukinyamaza, mwenzako anajua umenyamaza.

Mama mpendwa unayesoma haya, huenda mumeo hana gari bovu. Huenda ana redio anazofungua na kufunga, njiwa, shamba lisilolipa, au timu ya mpira inayomnyima usingizi. Usiruhusu kitu hicho kile ada ya mtoto. Kuwa mkali katika hilo na uandike daftari. Lakini kabla hujakiita mke mwenza, kaa karibu nacho jioni moja, uulize kinamponya nini. Na kama nyumba yenu imejaa watu kama yetu, tafuteni mahali penye viti viwili. Hata pakiwa ni sponji lililopasuka na ukuta wa choo mbele yenu, panatosha kuanza.